Kuanza Kutumia Kamera ya DSLR na Kuitunza Pwani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaonunua kamera ya DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, kwa mara ya kwanza hukwama mahali palepale. Picha zilizopigwa ndani ya nyumba hutoka zimefifia, nyuso za watu hutoka nyeusi mbele ya ukuta mweupe, na baada ya masika moja au mawili lenzi iliyokuwa safi huota fangasi. Mara nyingi kamera yenyewe ni nzima. Kasoro hizo hutokea kwa sababu kamera imeachiwa iamue kila kitu peke yake, kisha ikafungiwa kabatini ndani ya mkoba wake wa kitambaa.

Mifano ya mwongozo huu inatokana na Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote mbili zikiwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mwenye bodi nyingine, yaani kamera yenyewe bila lenzi, atakuta vitufe vimekaa mahali tofauti, lakini kanuni ni zilezile.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa kuwa kukosekana kwa kimoja kunaweza kusimamisha hatua nzima:

- Bodi ya kamera, lenzi, na vifuniko viwili vya lenzi, cha mbele na cha nyuma, pamoja na kifuniko cha bodi.
- Betri mbili na chaja yake. Canon 2000D hutumia LP-E10, na Nikon D3500 hutumia EN-EL14a.
- Kadi mbili za SD za daraja la 10 au zaidi. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya GB 64, kwa sababu kadi moja ikiharibika hupotezi kazi yote.
- Pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini, vitambaa viwili vya maikrofaiba na maji maalumu ya kusafishia lenzi.
- Kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la kutosha kuweka bodi na lenzi zote, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu na silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) ya gramu 200 hivi.

Mkoba wa kubebea ni muhimu safarini, lakini haumo katika orodha ya vifaa vya kuhifadhia, na sababu yake itaonekana katika hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Hatua hii inamhusu zaidi anayenunua kamera iliyotumika. Washa tochi ya simu, fungua vifuniko vyote viwili vya lenzi, kisha uangalie ndani ya lenzi ukiwa umeielekeza tochi kwa pembeni. Vumbi huonekana kama nukta chache zilizotawanyika, na halina madhara makubwa. Fangasi huonekana kama utando wa buibui: nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Lenzi ya namna hiyo iache, hata ikiwa bei yake ni ya kuvutia, kwa sababu fangasi hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na alama zake zinaweza kubaki hata baada ya kusafishwa.

Uliza pia idadi ya picha ambazo shata, yaani pazia dogo la ndani linalofunguka kila unapopiga, imekwisha kupiga. Shata za bodi nyingi za daraja la kuanzia hutarajiwa kuhimili takriban mara 100,000. Nyingine huishi zaidi, nyingine hufa mapema.

Anayenunua lenzi ya ziada kwa ajili ya Nikon D3500 awe mwangalifu zaidi. Bodi hiyo haina mota ya kuzungusha fokasi (ulengaji wa ukali wa picha) ya lenzi za zamani, kwa hiyo lenzi ya 50mm f/1.8 ya aina ya AF-D itafunga vizuri lakini haitafokasi yenyewe. Tafuta ile iliyoandikwa AF-S.

## Hatua ya 2: Betri, kadi na tarehe

Chaji betri mpaka ijae. Ingiza kadi, kisha uiformati ndani ya kamera yenyewe kwa kutumia menyu, hata kama ni mpya, ili kamera ijitengenezee mpangilio wake wa mafaili. Weka tarehe na saa sahihi, kwa maana ndizo zitakazokusaidia kutafuta picha mwaka unaofuata.

Katika menyu ya ubora wa picha chagua RAW pamoja na JPEG. JPEG utaituma mara moja kwa simu. RAW huhifadhi taarifa nyingi zaidi za mwanga, na ndiyo itakayokuokoa uso wa mtu ukitoka mweusi.

Onyo: Usifungue mlango wa kadi wala kutoa betri wakati taa ndogo ya nyuma inawaka au kuwakawaka. Wakati huo kamera inaandika picha, na kuikatiza kunaweza kuharibu faili lililoandikwa na mengine yaliyokuwamo.

## Hatua ya 3: Rekebisha kitundu cha kuchungulia

Hatua hii huchukua muda mfupi sana, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kando ya kitundu cha kuchungulia, pale unapoweka jicho, pana kigurudumu au kitelezo kidogo. Kazi yake ni kulinganisha kitundu na jicho lako, hasa kwa mtu anayevaa miwani.

Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, kisha uzungushe kigurudumu hicho taratibu. Usiutazame ukuta, tazama nukta za fokasi na tarakimu zilizo chini. Zikisomeka vizuri bila jicho kujikaza, umemaliza. Marekebisho haya hayabadilishi picha yenyewe, lakini usipoyafanya utaziona picha zote kuwa zimefifia wakati unapiga, uanze kuzungusha fokasi kwa mkono na kuiharibu.

## Hatua ya 4: Shika vizuri na ufokasi mahali unapotaka

Mkono wa kulia hushika bodi, na kiganja cha kushoto hukaa chini ya lenzi kikiibeba. Viwiko vibane mbavuni. Bonyeza kitufe cha kupigia kwa hatua mbili: nusu ya kwanza kamera hutafuta fokasi na kulia kidogo, nusu ya pili hupiga. Anayekibonyeza kwa ghafla huitikisa kamera wakati uleule shata inapofunguka.

Kabla ya kulaumu lenzi, hakikisha swichi iliyo ubavuni mwake iko kwenye AF (fokasi ya yenyewe) na si MF (fokasi ya mkono). Lenzi ya AF-P inayokuja na Nikon D3500 haina swichi hiyo, mpangilio wake uko ndani ya menyu. Tena ni lenzi ya kukunjwa, na ikiwa imekunjwa kamera itakataa kupiga na kuonyesha ujumbe kwenye skrini. Bonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa lenzi, zungusha pete ya kuvuta mpaka ifikie 18, na kamera itakubali.

Kisha nenda kwenye menyu ya fokasi uchague nukta moja, ile ya katikati. Kamera ikiachiwa nukta zote, mara nyingi huchagua kitu kilicho karibu zaidi, na ndiyo maana kwenye picha ya bibi harusi maua yaliyo mezani hutoka makali kuliko macho yake. Weka nukta ya katikati juu ya jicho la mtu, bonyeza nusu, subiri mlio, sogeza kamera upange picha bila kuachia kidole, kisha upige. Mpangilio unaofaa kwa watu waliotulia ni One-Shot kwa Canon na AF-S kwa Nikon (hapa ni jina la mpangilio, si aina ya lenzi).

Piga picha kumi za mtu aliyekaa kivulini, uzikuze kwenye skrini mpaka uone kope. Kope zikihesabika katika nyingi kati yake, endelea. La sivyo rudia, kwa sababu hatua zinazofuata hazitakuwa na maana.

## Hatua ya 5: Tundu, kasi na ISO, kimoja baada ya kingine

Mwanga unaofika kwenye picha huongozwa na vitu vitatu. Tundu la lenzi, linaloandikwa kwa namba ya f, huamua ni mwanga kiasi gani unapita; namba ndogo ni tundu kubwa. Kasi ya shata huamua mwanga unapita kwa muda gani. ISO huamua ni kwa kiasi gani kamera inaukuza mwanga uliopatikana. Kutoka f/8 kwenda f/5.6, au kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125, au kutoka ISO 400 kwenda 800, kila mojawapo kunaufanya mwangaza wa picha kuwa maradufu. Ukilishika hilo, utaweza kufidia kimoja kwa kingine.

Usianze na mfumo wa M, ambapo unachagua vyote vitatu mwenyewe. Zungusha gurudumu hadi Av kwa Canon au A kwa Nikon, ambapo wewe unachagua tundu na ISO, na kamera inachagua kasi. Kila unapobonyeza nusu, soma kasi iliyochaguliwa kabla ya kumalizia. Tabia hii moja itakuondolea sehemu kubwa ya picha zilizofifia.

Kasi za kuzingatia, lenzi ikiwa imevutwa hadi 55, ni hizi:

- 1/125 kwa mtu aliyesimama au kukaa.
- 1/250 kwa anayetembea au kuzungumza kwa ishara za mikono.
- 1/500 hadi 1/1000 kwa watoto wanaokimbia, mpira wa miguu na wachezaji wa ngoma.

Ukiona kasi imeshuka hadi 1/30 ukumbini, punguza namba ya f mpaka mwisho unaoruhusiwa na lenzi, kisha upandishe ISO hadi 1600 au 3200. Picha itakuwa na chembechembe, na wengi huziogopa chembechembe hizo kupita kiasi. Picha yenye chembechembe hutumika, huchapwa na kupendeza. Iliyotikisika haina dawa. Kizuizi cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, kinachoandikwa IS au VR, husaidia mkono wako unaotetemeka tu. Hakimsimamishi anayecheza chakacha.

Kwa zoezi, weka chupa mezani nje kivulini, vuta lenzi hadi 55, na uipige kwa f/5.6, kisha f/11, kisha f/22. Utaona mandhari ya nyuma ikianza kulainika, kisha kujitokeza. Katika f/22 utaona pia chupa yenyewe imepoteza ukali kidogo, kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo mno. Kwa kazi nyingi f/8 inatosha.

## Hatua ya 6: Nyuso, kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa

Hapa ndipo mpiga picha wa kwetu anapohitaji kuielewa kamera yake kuliko kuifuata. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, si mweupe wala si mweusi. Dhana hiyo huvunjika kila siku pwani.

Chukua mfano wa mzee aliyevaa kanzu na kofia nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa Mji Mkongwe saa kumi alasiri. Sehemu kubwa ya picha ni nyeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili uwe wa wastani, na matokeo yake ni kanzu ya kijivu na uso ambao macho yake hayaonekani. Dawa ni kuongeza mwanga kwa makusudi. Ukiwa katika Av au A, shikilia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa huku ukizungusha gurudumu hadi +1. Piga, tazama, ongeza hadi +1.3 ikibidi. Bahari inayong'aa na mchanga mweupe nyuma ya mtu huhitaji matibabu hayohayo.

Kinyume chake hutokea kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na paji la uso linaungua kwa kung'aa. Punguza hadi -0.7.

Unapotazama picha, washa onyo la sehemu zilizoungua. Sehemu zilizopoteza taarifa zitawakawaka kwenye skrini. Vitone vya kuwakawaka kwenye ukuta au angani vinavumilika. Kwenye paji la uso au kwenye darizi za kanzu havivumiliki. Umefaulu pale uso unapoonekana vizuri, macho yana uhai, na darizi bado zinasomeka.

Jua la saa sita mchana huwa karibu utosini na huacha vivuli vyeusi machoni. Msogeze mtu barazani au chini ya mwembe, mradi awe ameutazama upande wenye mwanga. Mwanga laini wa jioni huja na kuondoka haraka katika maeneo yetu ya karibu na ikweta, kwa hiyo uwe umekwisha kujipanga ifikapo saa kumi na moja.

## Hatua ya 7: Kubadili lenzi na kusafisha

Zima kamera, ielekeze chini, na uwe na lenzi ya pili tayari mkononi ikiwa imelegezwa kifuniko cha nyuma. Linganisha alama ya lenzi na ya bodi. Ukiitazama kamera kwa mbele, lenzi za Canon hufungwa kwa kufuata mshale wa saa, na za Nikon kinyume chake, mpaka usikie mlio wa kujifunga. Usibadili lenzi ufukweni wala kwenye barabara ya vumbi.

Kusafisha kioo cha lenzi kuna mpangilio usiopinduliwa: pampu kwanza, kisha brashi, kisha kitambaa. Ukianza na kitambaa unazikokota chembe za mchanga juu ya kioo, na kila chembe huacha mkwaruzo. Tia tone moja la maji maalumu kwenye kitambaa, si kwenye lenzi, kwa sababu maji yaliyodondoshwa juu ya kioo hutiririka hadi ukingoni na kuingia ndani. Futa kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Kanga, upindo wa shati, mate na thina havigusi lenzi.

Ili kujua kama sensa, yaani kipande cha ndani kinachopokea picha, ina vumbi, weka f/22 na ISO 100, zima fokasi ya yenyewe, vuruga fokasi na upige anga jeupe. Ikuze picha. Madoa ya kijivu ya duara ndiyo vumbi. Yakipotea unapopiga kwa f/5.6, yaache. Yakibaki, chaji betri ijae, chagua usafishaji wa sensa kwa mkono katika menyu, kioo cha ndani ya bodi kinyanyuke, elekeza kamera chini na upulize kwa pampu mara tano au sita bila ncha ya pampu kuingia ndani.

Onyo: Betri ikiisha katikati ya kazi hiyo, kioo na shata hujifunga vyenyewe juu ya chochote kilichomo. Usitumie makopo ya hewa ya shinikizo, kwa kuwa hurusha kimiminika cha baridi kali kinachoacha alama kwenye sensa. Kile kioo kinachoonekana mara unapotoa lenzi usikiguse kwa kitu chochote; vumbi lililo juu yake unaliona kitunduni tu, haliingii kwenye picha.

## Hatua ya 8: Kupambana na unyevu

Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningechagua hii. Unyevu wa hewa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar mara nyingi huvuka asilimia 70, na hapo fangasi hupata kila wanachohitaji: joto, giza, hewa tulivu na mafuta ya vidole yaliyobaki kwenye kioo. Mkoba wa kamera uliofungiwa kabatini una hayo yote, na sponji yake hunywa unyevu na kuushikilia.

Panga hifadhi hivi. Futa lenzi na bodi. Tandaza silika jeli ikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chini ya kontena la plastiki, weka kipimo cha unyevu mahali unapoweza kukisoma bila kufungua, panga vifaa, kisha ufunge. Baada ya siku moja kipimo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Kikibaki juu ya 60, ama silika imeshiba ama mfuniko unavuja. Kikishuka chini ya 30, punguza silika, kwa sababu ukavu uliopita kiasi haufai kwa mpira na grisi iliyomo ndani ya lenzi.

Silika ya rangi ya machungwa hubadilika kuwa ya kijani inaposhiba, na inaweza kukaushwa tena kwenye oveni kwa takriban nyuzi 120 za Selsiasi mpaka rangi irudi. Ile ya buluu inayogeuka kuwa ya waridi huwa na kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo iepuke katika nyumba yenye watoto na usiikaushe katika oveni ya chakula. Wapo wanaotumia mchele badala ya silika. Mchele una vumbi la wanga linaloingia kwenye pete za lenzi, na haukaushi hewa kwa kiwango kinachohitajika.

Toa vifaa vyako na uvitumie angalau mara moja kila wiki mbili, kisha urudie ukaguzi wa tochi wa hatua ya 1. Ukiona nyuzi zimeanza, itenge lenzi hiyo na umpelekee fundi wa lenzi mapema. Fangasi wachanga husafishika, waliokomaa huacha makovu.

## Hatua ya 9: Kiyoyozi, chumvi na bahari

Kamera iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, iwe hoteli ya Diani au nyumba ya Muscat wakati wa kiangazi, ikitolewa ghafla kwenye joto hufunikwa na matone ya maji nje na ndani. Kabla ya kutoka, iweke kwenye mfuko wa plastiki na uufunge kabisa. Toka nayo, iache ipate joto ndani ya mfuko kwa nusu saa au zaidi, ndipo uufungue. Matone yatatua juu ya plastiki badala ya kamera.

Ukirudi kutoka ufukweni au kwenye dau, lowesha kitambaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikamue sana, futa bodi na pete zote za lenzi, kisha ukaushe kwa kitambaa cha pili. Chumvi inayobaki huvuta unyevu na kula skrubu na viunganishi.

Kamera ikitumbukia baharini, toa betri na kadi mara moja na usijaribu kuiwasha hata kwa sekunde moja ili kuona kama ni nzima, kwa kuwa umeme ukipita kwenye maji ya chumvi ndipo saketi huungua. Ifute, iache bila betri, na uifikishe kwa fundi siku hiyohiyo ukimweleza wazi kwamba yalikuwa maji ya chumvi. Kadi ioshe kwa maji safi, ikauke kabisa kivulini kwa siku moja au mbili, kisha ujaribu kuisoma kwenye kompyuta. Mara nyingi picha zake huwa bado zimo.